Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Kamusi Elezo: Msanii wa Dragi Aandikwe kwa Jina Lake

Kwa: Wahariri wakuu wa kamusi elezo na vitabu vya wasifu vya Kiswahili, wakuu wa maktaba wanaosimamia orodha za majina, wakuu wa vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari.

Yah: Majina na utambulisho wa wasanii wa dragi katika maandishi ya rejea

Ndugu zangu,

Nawasalimu kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni mhakiki wa lugha. Naletewa rasimu, nasoma, nasahihisha, narudisha, nalipwa kwa ukurasa. Kazi nyingi za huku Kanda ya Ziwa ni ripoti za miradi ya uvuvi, vijitabu vya vikundi vya akina mama, na hotuba za watu wasiopenda ijulikane kwamba hotuba zao huwa zinahakikiwa. Huja pia makala za wasifu zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza, za kuingia kwenye kamusi elezo na vitabu vya rejea. Hizo ndizo zilizonifanya niandike barua hii.

Hivi karibuni nililetewa fungu la makala kuhusu wasanii wa dragi. Kwa asiyelizoea neno hilo, dragi ni sanaa ya jukwaani ambapo msanii hujenga mhusika wa kike au wa kiume kwa mavazi, wigi, vipodozi na mwendo, kisha akaimba, akacheza au akawavunja watu mbavu. Wengi wanaojulikana ni wanaume wanaojenga mhusika wa kike. Wapo wanawake wanaojenga mhusika wa kiume, na wapo ambao mgawanyo huo hauwatoshi kabisa. Makala ya kwanza kwenye fungu ilihusu msanii Peppermint, na sentensi yake ya kwanza ilisomeka hivi: “Peppermint ni jina la bandia la mwanaume wa Kimarekani anayejiita hivyo na kujifanya mwanamke.”

Peppermint ni mwanamke aliyebadili jinsia, na hilo amelisema mwenyewe hadharani. Mwaka 2017 alishika nafasi ya pili katika msimu wa tisa wa shindano la televisheni la wasanii wa dragi linaloongozwa na RuPaul, naye msanii wa dragi wa Marekani, na mwaka 2018 alipanda jukwaa la Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, kwa nafasi kubwa katika tamthilia ya muziki, akihesabiwa mwanamke wa kwanza aliyebadili jinsia kuanzisha nafasi kama hiyo pale. Kwa hiyo neno “mwanaume” katika ile sentensi ni kosa la taarifa, sawa na kuandika kwamba Ukerewe iko Ziwa Tanganyika. “Anayejiita” linamsuta mtu kabla msomaji hajajua amefanya nini. “Kujifanya” ni tuhuma ya udanganyifu. Sentensi moja fupi, na hakuna hata kipande kimoja kinachomweleza msomaji kwa nini msanii huyu ameingia kwenye kitabu.

Nilirudisha makala na masahihisho. Mtafsiri akanijibu kwa adabu: “Kaka, nakubali, ila mwongozo uko wapi? Mimi nimeandika ninavyoelewa, na wewe unasahihisha unavyoelewa.” Ana haki. Mwongozo hakuna, kila mtu anatumia busara yake, na busara za watu juu ya jambo hili zinatofautiana kama mnavyojua. Ndiyo maana barua haiendi kwake. Inakuja kwenu mnaokalia viti vya kuamua.

Ninachoomba ni hiki: iandikwe kanuni kwamba makala ya msanii wa dragi ikae chini ya jina analofanyia kazi, imtaje kama anavyojitambulisha mwenyewe, na jina la kuzaliwa liingie pale tu lilipo na sababu ya kuingia.

Wengine wenu mtasema haya ni mambo ya kuletwa na wageni. Hebu tuanzie nyumbani basi. King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, kwenye vyeti alikuwa Amri Athumani. Sijaona mwandishi wa Kiswahili aliyehoji ufalme wake uko wapi. Ramadhani Mtoro Ongala tulimwita Dokta Remmy mpaka alipofariki mwaka 2010, na hakuna aliyemdai cheti cha udaktari. Joseph Haule alikwenda bungeni mwaka 2015 akiwakilisha Mikumi, na watu wakaendelea kumwita Profesa Jay kana kwamba Chuo Kikuu kimemthibitisha. Hapa Mwanza ukimuulizia Fareed Kubanda utazungushwa. Sema Fid Q uone kama kuna atakayekuuliza mara ya pili. Kwa hiyo kumwandika msanii kwa jina la jukwaani, tena pamoja na cheo alichojipa, tumekufanya miaka yote bila kikao. Inapofika zamu ya dragi ndipo tunakumbuka ghafla kudai kitambulisho.

Mfano mkubwa kuliko wote uko Zanzibar. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Jina la Siti lilikuja baadaye, alipokwisha kuwa mwimbaji. Kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwenye santuri, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Hebu mfikirie mhariri ambaye angefungua makala yake kwa kusema “Mtumwa binti Saad, anayejiita Siti.” Tungemshangaa, na wengine tungemkasirikia, kwa sababu tunaelewa mara moja kwamba mwanamke yule alitoka kwenye jina lile kwa jasho, na kumrudisha humo ni kumshusha. Makala nzuri za Siti zinalitaja jina la Mtumwa. Zinalitaja mara moja, katika aya ya utoto wake, kwa sababu linaeleza alikotoka. Halafu zinaendelea na Siti mpaka kifo chake mwaka 1950. Hiyo ndiyo kanuni nzima ninayoiomba, na mlishaitumia kabla sijazaliwa.

Kuna jingine la huku kwetu. Msimu wa Bulabo, baada ya sikukuu ya Ekaristi, watu humiminika Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma. Chama cha ngoma cha Wagika kinacheza upande mmoja na cha Wagalu upande mwingine, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi kutoka kwa mwenzake. Katika mashindano ya namna hiyo jina la manju, yaani kiongozi wa ngoma, ndiyo mtaji wake. Watu wanatembea kutoka mbali kwa sababu ya jina hilo. Sasa, nilishawahi kushika kijitabu cha tamasha jingine la ngoma, mahali pengine ambapo sipataji, kilichoandaliwa na mtu wa ofisini aliyenakili majina yote kutoka kwenye vitambulisho vya NIDA. Herufi zote zilikuwa sahihi. Mama mmoja aliyeketi karibu yangu kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho mwenyewe aliipitisha kidole orodha nzima akimtafuta manju aliyemtoa Magu asubuhi ile. Hakumwona. Alikuwemo, mstari wa nne, kwa jina ambalo pengine ni mke wake na karani wa kijiji tu wanaolijua. Manju alipoingia uwanjani mama akapaza sauti: “Si huyu hapa! Mbona kwenye karatasi wamemfuta?”

Kitabu cha rejea kinatumiwa na mtu anayetafuta. Anakuja na jina alilolisikia, na kama jina hilo hamkuliweka mbele, kwake huyo msanii hayumo.

Wakutubi hili wanalijua vizuri, na nawaomba wahariri mkae nao. Katika uorodheshaji wa vitabu kichwa cha rekodi ni jina ambalo mtu anajulikana kwalo zaidi, na majina mengine yanawekewa kielekezo cha “angalia”. Anayetafuta Milstead, jina la kuzaliwa la msanii wa dragi wa Marekani aitwaye Divine, anaelekezwa kwa Divine, basi. Tena wenzetu wamekwenda mbele zaidi: mwaka 2022 kikundi kazi cha Programu ya Uorodheshaji wa Ushirikiano, inayoendeshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, kilipendekeza waorodheshaji waache kabisa kuandika jinsia kwenye rekodi za majina ya watu. Hifadhidata kubwa ya filamu ya IMDb ililegeza kanuni zake mwaka 2019 ili mtu aweze kuomba jina la kuzaliwa liondolewe kama halijulikani na umma. Hao si wanaharakati wa barabarani. Ni watu wa kazi kama zenu, waliokaa mezani wakajiuliza taarifa ipi inamsaidia mtafutaji na ipi inamuumiza mtafutwaji bila faida.

Hapa ndipo penye ugumu, na naomba mnivumilie. Wasanii wa dragi hawafanani, na anayedhani kuna fomula moja ya kuwapaka wote atakosea.

Divine niliyemtaja alizaliwa Baltimore mwaka 1945 kwa jina la Harris Glenn Milstead, akafariki mwaka 1988. Alijiona mwanaume na mwigizaji, na Divine ilikuwa kazi yake. Makala yake ikimwandika kama mwanamke itakuwa imekosea. Sasha Colby, aliyeshinda shindano la RuPaul mwaka 2023, ni mwanamke jukwaani na ni mwanamke akiwa jikoni kwake. Makala ikimwandika kama mwanaume imekosea vilevile. Gottmik, aliyefika fainali ya shindano hilohilo mwaka 2021, ni mwanaume aliyebadili jinsia ambaye jukwaani hujenga mhusika wa kike: nje ya kazi anatajwa kama mwanaume, ndani ya kazi kama mwanamke. Mtafsiri wetu alipofika hapo aliandika pembeni kwa wino mwekundu, “Sasa huyu ni nani?” Swali halali, na jibu lake liko kwenye mahojiano ya Gottmik mwenyewe. Linapatikana kwa dakika chache kwa yeyote atakayejisumbua kutafuta.

Conchita Wurst aliishindia Austria taji la Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 2014, akiwa na gauni refu na ndevu. Nyuma yake yupo Tom Neuwirth, na katika miaka ile ya ushindi alitenganisha wawili hao waziwazi: Conchita wa kike, Tom wa kiume. Mwandishi anayemfuata atafanya hivyohivyo, Conchita anapoimba, Neuwirth anaposimulia utoto wake.

RuPaul naye ana lake. Alishaandika zamani, miaka ya 1990, kwamba ukimtaja kwa kiwakilishi cha kiume au cha kike kwake ni sawasawa. Na kwa kuwa kila mtu anadhani RuPaul ni jina la kutunga, rasimu yangu ilimtafutia “jina halisi” ikaishia kuandika “Andre Charles”. Jamani, RuPaul ndilo jina alilopewa na mama yake. RuPaul Andre Charles, San Diego, 1960. Hapo kiherehere cha kufichua kilimfichua mwandishi mwenyewe.

Halafu wapo wahusika wa kubuni kabisa. Afrika Kusini ina Evita Bezuidenhout, bibi wa Kikaburu mwenye majivuno, aliyebuniwa na Pieter-Dirk Uys kuwakejeli watawala tangu enzi za ubaguzi wa rangi. Nelson Mandela alikubali kuhojiwa na Evita kwenye televisheni, na aliongea na bibi yule, hakuongea na bwana Uys. Australia walikuwa na Edna Everage, aliyeanza jukwaani mwaka 1955, kazi ya Barry Humphries aliyefariki mwaka 2023. Kwa hawa ni halali, tena ni lazima, kumtaja mtunzi na mhusika bega kwa bega, kwa kuwa wenyewe ndivyo walivyofanya kazi. Siwezi kuwatetea watu majina yao halafu nikataka kila jina la kuzaliwa lifichwe.

Kwa hiyo kanuni ninayoiomba ni ya utaratibu. Mwandishi atafute msanii anajitajaje katika mahojiano na maandishi yake ya karibuni, kupitia vyanzo vya kuaminika, aandike hivyo. Kama msanii anatenganisha jukwaa na nyumbani, mwandishi atenganishe. Kama amebadilisha, makala ibadilishwe yote, pamoja na aya za miaka ya nyuma. Kama hakuna chanzo kinachosema, mwandishi arudierudie jina la jukwaani na asibuni jinsia. Kama msanii alishafariki, ufuatwe ushahidi bora wa maisha yake, hata kama haumfurahishi mwandishi.

Najua kuna atakayesema Kiswahili kina “yeye” mmoja tu, tatizo linatoka wapi? Ni kweli “alizaliwa” ni “alizaliwa”, na tunasamehewa mzigo ambao Mfaransa anaubeba kila sentensi. Ila jinsia kwetu inapita milango mingine, na wa kwanza ni ndoa. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, na kila wasifu una ndoa. Rasimu yangu ilisema RuPaul “alioa”, na aya moja baadaye ikamtaja “mumewe”, msomaji akabaki anahesabu vidole. Andika kwamba alifunga ndoa na Georges LeBar mwaka 2017, umemaliza. Mlango mwingine ni vyeo vya heshima: Bwana, Bi, Kaka, Dada, ambavyo magazeti yetu huvimwaga bila kufikiri. Mwingine ni ule mtindo wa “mwanaume huyu” na “jamaa huyu”, ambao watafsiri hujazia pale matini ya Kiingereza inaporuka kutoka kiwakilishi cha kike kwenda cha kiume na wao hawajui wafanye nini na tofauti hiyo. Tiba yake ni nyepesi: andika jina. Jina likirudiwa mara tatu kwenye aya, Kiswahili hakichoki. Na tuliache hili “jina halisi”, tuseme “jina la kuzaliwa”, kwa sababu hilo la kwanza linamwambia msomaji kwamba yale aliyoyafanya mtu miaka thelathini kwa jina jingine yalikuwa ya uongo.

Nikirudi kwenye sentensi iliyonisumbua, niliiandika upya hivi: “Peppermint ni mwigizaji, mwimbaji na msanii wa dragi wa Marekani. Alishika nafasi ya pili katika msimu wa tisa wa shindano la RuPaul (2017), na mwaka uliofuata alicheza kwenye Broadway. Ni mwanamke aliyebadili jinsia.” Hakuna sifa za kupaka rangi humo. Mwalimu wa sekondari Sengerema anaweza kuisoma, akafunga kitabu, akabaki na maoni yake kama alivyokuja nayo.

Nimetaja maoni kwa makusudi. Mwenzangu mmoja katika kazi hii, mtu ninayemheshimu, aliniambia kwamba ukimwandika mtu wa namna hiyo kwa heshima umekubaliana naye, na maadili yetu hayaruhusu. Nilimuuliza anamwandikaje Mobutu. Huyu alizaliwa Joseph-Désiré, mwaka 1972 akajipa jina refu la Mobutu Sese Seko na kuwalazimisha Wazaire wote watupe majina yao ya Kizungu. Kila kamusi elezo ninayoijua inamweka chini ya Mobutu Sese Seko. Hakuna anayeona kwamba mhariri amempigia kura. Tunaweza kumpa dikteta jina alilolichagua, tukamnyima mwimbaji? Mwenzangu alicheka, hakunijibu, na mpaka leo hajanijibu. Kama kuna yeyote kati yenu mwenye jibu, nitalisoma kwa hamu.

Wala mwanaume kuvaa uhusika wa kike jukwaani hakukuanzia kwenye televisheni ya Marekani. Japani ilipiga marufuku wanawake kwenye jukwaa la kabuki, tamthilia yao ya jadi, mwaka 1629, na tangu hapo nafasi za kike zikachukuliwa na wanaume waliobobea humo maisha yao yote, wakirithishana majina ya jukwaani kizazi hadi kizazi. China ilikuwa na Mei Lanfang (1894–1961), bingwa wa nafasi za kike katika opera ya Beijing. Vitabu vya rejea havijawahi kupata taabu kuwaweka hawa chini ya majina yao ya kazi.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo zito. Sitajifanya sijui naandika kutoka wapi. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inaadhibu mahusiano ya jinsia moja kwa kifungo kinachoweza kufika maisha, na mtaani mtu huandamwa kwa kuhisiwa tu. Dragi ni maonyesho, ila anayerusha jiwe hasomi vifungu kwanza. Kwa msanii wa Afrika Mashariki anayetumia jina la jukwaani na ambaye jina lake la kuzaliwa halijawahi kutangazwa, kitabu cha rejea kikilichapisha kimempeleka mtu nyumbani kwa mama yake, shuleni kwa mdogo wake na kazini kwake. Nimeona rasimu ya namna hiyo. Mwandishi alikuwa amelipata jina kutoka kwa mtu aliyesoma naye, akalitia kwenye mstari wa kwanza pamoja na kijiji. Nililifuta, nikampigia simu. Akaniambia, “Lakini ni kweli.” Kweli ni kweli. Namba ya simu ya msanii nayo ni kweli, na hatuichapishi.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sitaki kujifanya mwanasheria hapa. Nasema tu kwamba Bunge limeshakubali kuwa taarifa ya mtu ina mwenyewe, na itakuwa ajabu kama ofisi za uhariri ndizo zitakuwa za mwisho kusikia. Mwongozo useme wazi: kitabu cha rejea hakiwi cha kwanza kutangaza jina la kuzaliwa la mtu aliye hai. Na usiishie kwenye jina. Kijiji, shule, picha za kabla ya jukwaa, vyote hivyo ni jina kwa njia nyingine.

Anayedhani natia chumvi amsome William Dorsey Swann. Huyu alizaliwa utumwani Maryland, na katika miaka ya 1880 aliandaa dansi za siri jijini Washington ambako wanaume weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana yake, walivaa magauni ya hariri na kucheza. Swann aliitwa malkia na wenzake. Polisi walivamia dansi mojawapo mwaka 1888, magazeti ya jiji yakaiandika habari hiyo kwa kejeli. Mwaka 1896, baada ya kufungwa, Swann alimwandikia Rais Grover Cleveland kuomba msamaha, akakataliwa. Leo wanahistoria wanamjua kwa sababu ya karatasi hizo za polisi na magazeti, maana hakuna mtu wa rejea wa wakati ule aliyeona anastahili mstari mmoja ulioandikwa kwa adabu. Wanaokuja nyuma yetu watatusoma sisi kama tunavyowasoma wahariri wale.

Tahadhari ndogo kwa upande wa pili. Wachekeshaji wetu wa televisheni wanaovaa gauni na kilemba wakaigiza bibi au mama mkwe wasipachikwe jina la wasanii wa dragi kama hawajajiita hivyo. Kuna mwandishi kijana mwenye nia njema aliyetaka kuwaunganisha wote kwenye orodha moja ili tuonekane nasi tunao. Nia njema haimpi haki. Kama hatumvui mtu jina alilolichagua, hatumvishi asilolichagua pia.

Walimu wa vyuo, mliopo Nyegezi na kwingineko, kwenu nina neno fupi. Wanafunzi wenu wanaokuja kwangu kwa mafunzo kazini wanajua kuuliza nani, nini, lini, wapi. Waongezeeni la tano: “Nikuandike vipi?” Ni swali la sekunde mbili, na halimvunjii mtu heshima, awe manju, mbunge au msanii wa dragi.

Rasimu ya mwongozo nimeshaiandika, ukurasa mmoja na nusu, na nitampa yeyote miongoni mwenu atakayeiomba, aichanechane atakavyo. Makala zile bado ziko mezani kwangu. Mteja anauliza kila wiki zitatoka lini, nami nimemwambia nangoja neno lenu mpaka mwisho wa mwezi. Ukifika bila jibu nitazirudisha zikiwa zimehaririwa kwa kanuni nilizozieleza hapa, na atakayebisha naomba aje na mwongozo wake ulioandikwa.

Wenu katika kazi,

Mhakiki wa lugha,
Kirumba, Mwanza